SOMO: KWENDA KUUTAZAMA MJI KABLA YA KUHAMA



Mavuno yakimalizika, vijijini kwetu mazungumzo ya kuhama huanza. Mmoja anasema, "Mwaka huu uwele umenipa magunia mawili tu. Mimi naenda Dar." Wa pili anasema, "Hata mimi nimeitwa na shemeji yangu." Wa tatu ananyamaza, lakini usiku anamwamsha mkewe wazungumze. Hapa kanda ya kati, Dodoma na Singida, habari hizi si ngeni. Wazee wetu walikwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Watoto wao wakaenda Dar es Salaam. Sasa wajukuu nao wanafunga mizigo.

Somo la leo halikwambii uhame, wala halikwambii ubaki. Zamani watu waliambiwa tu warudi shambani. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya nguvukazi, na watu wasiokuwa na kazi mijini wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Wengi hawakukaa, walipanda magari wakarudi mjini. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu 843,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Maana yake ni kwamba kati ya kila Watanzania 100, karibu 9 wanaishi Dar es Salaam. Siku hizi hakuna mtu atakayekukamata kwa sababu ya kwenda mjini. Uamuzi ni wa kwako na wa nyumba yako.

Kama uamuzi ni wako, basi lazima uwe na habari za kweli. Habari za kweli huzipati kwa ndugu aliyekuja Krismasi na viatu vipya. Unazipata kwa kwenda mwenyewe, ukatazama, ukauliza, ukaandika, ukarudi nyumbani, ndipo mkaamua. Wako watu wanaotembelea mji kama wageni wa harusi. Wanaonyeshwa Feri, wanapanda pantoni kwenda Kigamboni, wanapiga picha Posta, wanakula samaki. Hilo ni jambo jema, lakini siko kuutazama mji. Anayekusudia kuhama atazame mahali atakapolala, maji atakayokunywa na kazi atakayofanya.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza: usiuze kitu. Katika kijiji kimoja bwana mmoja aliuza maksai wawili na plau ili apate mtaji wa mjini. Hakwenda kutazama kwanza, alihama moja kwa moja. Baada ya miezi mitano alirudi na mkewe na watoto watatu. Mvua ilikuwa imekwisha anza. Shamba lilikuwapo lakini maksai hawakuwapo, na ile bei aliyouzia haikuweza kumnunulia hata ng'ombe mmoja. Mwaka ule walilima kwa jembe la mkono, ekari moja na nusu badala ya ekari sita. Waliporudi kutoka mjini njaa haikuwapo. Njaa ilikuja mwaka uliofuata.

Kwa hiyo nenda kwa fedha ya kutazamia tu. Tafuta nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na fedha kidogo ya kumsaidia mwenyeji wako chakula. Nauli ya kurudi iweke mbali na nyingine. Mama mmoja aliishonea ndani ya pindo la kanga, na mimi naona alifanya vizuri kuliko sisi tunaoweka kila kitu ndani ya simu. Simu ikipotea, au chaji ikiisha, fedha haipo na namba za ndugu hazipo. Namba za simu ziandike kwenye karatasi pia.

Chukua kitambulisho chako cha taifa. Pitia ofisi ya mtendaji wa kijiji akuandikie barua ya utambulisho. Kule mjini mwenyekiti wa mtaa anaweza kuiuliza, na mwenye nyumba naye vilevile. Halafu nunua daftari dogo na kalamu. Umejifunza kusoma na kuandika; hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Kila jioni utaandika ulichokiona na bei ulizoziuliza. Mtu asiyeandika hurudi nyumbani akikumbuka taa na magari tu.

Nani aende? Mara nyingi baba huenda peke yake. Kwa maoni yangu, kama nauli inatosha mtu mmoja tu, mama ndiye aende kwanza. Baba atatazama kazi, na hilo ni sawa. Lakini mama atatazama kazi, na maji, na choo, na soko, na mahali watoto watakapocheza. Wanaume mnaosoma hapa msikasirike. Ulizeni ndani ya nyumba zenu ni nani anayejua debe la unga linakwisha siku gani.

Sasa, wende lini? Wengi huenda mwezi wa saba, baada ya mavuno. Wakati huo Dar es Salaam ni pazuri, joto limepungua na njia ni kavu. Nyumba iliyojengwa bondeni inaonekana sawa na nyumba ya mlimani. Mimi nashauri wende mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Kwetu huku palizi imekwisha na mavuno bado. Mwachie mwenzako kazi ya kuamia ndege. Utaona maji yanakwenda wapi. Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, mabonde ya Msimbazi yakajaa, watu zaidi ya 40 wakafa. Waliokuwa wakikaa mabondeni wengi walihamishiwa Mabwepande. Hata baada ya hapo barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji. Chumba cha bondeni kodi yake ni ndogo, na sasa unajua kwa nini.

KUFIKA

Mabasi ya kutoka mikoani huingia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Zamani yalishia Ubungo. Mtu akikuelekeza kwa kumbukumbu za Ubungo ya zamani, mwambie akuelekeze upya. Mbezi iko mbali na katikati ya mji, zaidi ya kilomita 20, kwa hiyo ukishuka usifikiri umefika Kariakoo. Wa Dodoma wanaweza pia kupanda treni ya umeme, ambayo ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai 2024. Hiyo inakuteremsha katikati ya mji. Kukata tiketi yake kunahitaji kitambulisho.

Kituoni watakuja vijana wa kubeba mizigo. Wengi ni watu wa kazi, lakini mmoja kati yao anaweza asiwe. Patana bei kabla hajagusa mzigo, na utembee naye bega kwa bega. Mwenyeji wako akwambie mapema, kwa maandishi kwenye simu, unashuka kituo gani na unapanda daladala lililoandikwa nini. Magari yana maandishi mbele: "Mbagala – Kariakoo", "Gongo la Mboto – Posta". Yasome mwenyewe. Kondakta anaita kwa haraka hata mwenyeji wa mji hamsikii vizuri.

MWENYEJI WAKO

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe, lakini kuna ndoo. Siku ya tatu amka mapema, uliza maji yanachotwa wapi, nenda ukachote. Utakuwa umemsaidia mwenyeji, na utakuwa umejua maji yako mbali kiasi gani, ndoo ni shilingi ngapi na foleni ni ndefu namna gani.

Mwenyeji hatakwambia taabu zake siku ya kwanza. Ataona haya. Atakununulia nyama, na kesho yake nyumba yake itakula mchicha kwa siku nne. Subiri. Msaidie kazi, kaa naye usiku umeme ukizimika, ndipo uulize. Soma mazungumzo haya kwa sauti, wawili wawili, katika kikundi chenu. Mgeni ni kijana kutoka kijijini. Mwenyeji ni shangazi yake aliyekaa Mbagala miaka mingi.

MGENI: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Umelala? Joto hili mlilizoea nyie?

MGENI: Nimelala kidogo. Mbu walikuwa wengi. Shangazi, nina jambo nataka kukuuliza, usinichukie.

SHANGAZI: Uliza baba.

MGENI: Ukiniona mimi na mke wangu na wale watoto wawili, tukija hapa tutaishi?

SHANGAZI: Mmh. Mkeo anajua kufanya biashara?

MGENI: Anapika vitumbua. Kule mnadani anauza.

SHANGAZI: Basi mnaweza kuishi. Kama ungekuja wewe peke yako kutafuta kibarua halafu umletee, ningekwambia kaa kwenu. Mimi mjomba wako alipofariki ni maandazi yaliyonilipia hiki chumba. Kibarua leo kipo, kesho hakipo.

MGENI: Na hapa kwako tungefikia muda gani?

SHANGAZI: Wiki mbili. Nakwambia kweli, baba. Vyumba ni viwili na unaona tumelala watu saba. Si kwamba sikupendi.

MGENI: Nimekuelewa shangazi. Ahsante kwa kuniambia.

SHANGAZI: Na jingine. Kule nyumbani mnadhani nina fedha kwa sababu nawatumia. Ile ya mwezi wa kumi na mbili nilikopa kwenye kikundi. Mpaka leo nalipa. Usiwaambie.

Mmeona? Swali la kijana lilikuwa fupi na la kweli, na jibu likawa la kweli. Angeuliza, "Eti mjini maisha mazuri?" angejibiwa, "Tunamshukuru Mungu," na mambo yangeishia hapo. Angalia pia swali la muda wa kufikia. Watu wengi huogopa kuliuliza. Kisha wanakuja na familia, na mwezi wa pili ugomvi unaingia kati ya ndugu.

KUTEMBEA NA DAFTARI

Amka saa kumi na moja alfajiri, uende kituoni kama mtu wa kazi. Panda gari mpaka mahali unapodhani utafanya kazi. Andika saa uliyotoka na saa uliyofika. Jioni rudi pamoja na watu wa kazi, saa kumi na mbili, siyo saa nane mchana gari likiwa tupu. Mtu anayekaa Chanika na kufanya kibarua Kariakoo anaweza kuacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, yalipunguza taabu kwa watu wa njia ile, lakini nayo wakati wa asubuhi hujaa sana. Desemba 2023 mamlaka ya usafiri, LATRA, ilipanga nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600. Kama unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli hulipa mara mbili bali mara nne. Uliza nauli ya siku ile unayofika, uiandike.

Soma kuta. Kuta za Dar es Salaam zinasema mengi kwa mtu aliyepata kisomo. Utaona maandishi makubwa, "NYUMBA HII HAIUZWI", au "KIWANJA HIKI HAKIUZWI". Mwenye nyumba hakuandika kwa kujipamba. Ameandika kwa sababu matapeli huuza nyumba na viwanja visivyo vyao, wakati mwingine kiwanja kimoja kwa watu watatu. Basi ukipelekwa kwenye kiwanja cha bei rahisi, na huyo anayekupeleka ana haraka ya kupokea fedha, kumbuka maandishi hayo, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ukaulize. Utaona pia nyumba zenye alama ya X ya rangi nyekundu. Maana yake nyumba hiyo imewekewa alama ya kubomolewa, mara nyingi kwa kuwa imo ndani ya eneo la barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ili barabara ipanuliwe. Ukipanga nyumba yenye X, kodi uliyotanguliza nani atakurudishia?

Ingia chooni. Ndiyo, nasema chooni. Uliza watu wangapi wanakitumia, na kikijaa nani anakilipia. Wakati wa masika tazama kama maji ya choo yanatoka nje. Watu wa Dar es Salaam wamepata kuugua kipindupindu mara kadhaa. Homa ya dengi nayo ilienea mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hata kwenye kopo au tairi. Sisi tumezoea mbu wa usiku.

KAZI

Usiulize tu, "Kazi zipo?" Kila mtu atakujibu zipo. Chagua kazi mbili unazoweza, halafu tafuta mtu mmoja anayeifanya kila moja, umwombe ukae naye siku nzima kuanzia anapoamka. Saidia fundi, yaani mtu anayebeba zege na matofali, mwulize wiki iliyopita alipata siku ngapi za kazi. Usimwulize kwa siku analipwa kiasi gani tu. Mtu anaweza kulipwa vizuri siku tatu na akakaa siku nne. Mwendesha bodaboda mwulize pikipiki ni ya nani. Wengi huendesha ya mtu mwingine, na kila siku hupeleka fedha kwa mwenyewe. Fedha hiyo huitwa hesabu. Mvua ikinyesha au pikipiki ikiharibika, hesabu inadaiwa vilevile. Wengine wana mkataba, wakimaliza kulipa muda waliopatana pikipiki inakuwa yao. Mkataba huo uwe wa maandishi, uusome mwenyewe, usisomewe.

Anayetaka kuuza vitu vidogo barabarani, yaani machinga, ajue kwamba mahali pa kuuzia hupangwa na kupanguliwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo mengine. Waliokuwa na wateja wa miaka kumi walianza upya. Kabla hujanunua bidhaa, ulizia mahali panaporuhusiwa na ushuru wake.

Wasichana huitwa kwa kazi za ndani. Mzazi, usimtoe binti yako kwa maneno ya mtu aliyepita na gari. Jina la mwajiri, mtaa, namba ya simu, mshahara na siku ya kurudi likizo viandikwe, na wewe au ndugu yake mtu mzima amwone mwajiri huyo kwa macho. Mtoto wa shule asiondoke. Tangu mwaka 2016 shule za serikali, za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, hazina ada.

HESABU YA NYUMBA

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, za kujifunzia. Za kweli utazileta wewe kwenye daftari lako. Tuchukue familia ya watu watano, wamepanga chumba kimoja kwa shilingi 50,000 kwa mwezi.

Mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi sita kwa mara moja, wengine mwaka mzima. Dalali aliyewaonyesha chumba hudai kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo siku ya kuingia:

Kodi ya miezi 6: 50,000 × 6 = 300,000
Dalali: 50,000
Jumla: shilingi 350,000

Hapo hamjanunua hata kibiriti. Matumizi ya mwezi ni haya:

Kodi (ya kuweka akiba): 50,000
Nauli ya baba, 600 × 2 × siku 26: 31,200
Maji, ndoo 5 kwa siku kwa 100: 15,000
Unga, kilo 2 kwa siku kwa 1,500: 90,000
Mboga, mafuta, chumvi, 2,500 kwa siku: 75,000
Mkaa, 1,500 kwa siku: 45,000
Umeme: 10,000
Taka na choo: 5,000
Jumla: shilingi 321,200

Baba ni saidia fundi, analipwa 15,000 kwa siku. Mtu mwenye haraka atazidisha kwa siku 26 apate 390,000 na kufurahi. Lakini mwezi huu amepata kazi siku 16, yaani 240,000. Siku nyingine 10 alipanda daladala kwenda kutafuta, akarudi bure. Wamepungukiwa na shilingi 81,200. Mama akiuza vitumbua na kupata faida ya 4,000 kwa siku, kwa siku 26 ni 104,000. Sasa wamelipa kila kitu na kubakiwa na shilingi 22,800. Dawa, sabuni, daftari za watoto na msiba wa nyumbani vyote vitoke humo.

Tazama mstari wa unga. Kijijini mstari huo haupo, kwa sababu unga hutoka kwenye kihenge. Tazama mkaa na maji pia. Kijijini tunavilipia kwa miguu na mgongo, mjini kwa shilingi. Mtu akisema, "Mjini nitapata laki mbili na nusu kwa mwezi, hapa sipati hata elfu hamsini," hajasema uongo, ila bado hajafanya hesabu.

Halafu kuna mwezi wa saba. Miezi sita ya kwanza mwenye nyumba hagongi mlango. Watu huona fedha inatosha, wananunua redio na kitanda. Ile 50,000 ya kila mwezi hawaiweki. Mwezi wa saba 300,000 inadaiwa kwa mara moja, na haipo. Mnaowajua waliorudi kijijini, waulizeni taratibu walirudi mwezi wa ngapi.

CHUMBA NA MKATABA

Dalali atakutembeza na atataka fedha kidogo ya usumbufu kabla hujaona chumba. Patana naye mapema itakuwa kiasi gani, na kama ni kwa kila chumba au kwa siku nzima. Usilipe kodi kwa dalali. Lipa kwa mwenye nyumba, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na upewe maandishi. Yataje jina la mwenye nyumba na la mpangaji, kodi, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na namna ya kugawana luku na maji. Luku ni umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nyumba nyingi zina mita moja kwa wapangaji wote. Mmoja ana friji, mwingine ana taa moja, na wote wanaambiwa wachange sawasawa. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga uko hapo.

Ukiwa unatafuta chumba, unaweza kupata ujumbe wa simu usioujua unaosema: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ni mtego. Matapeli huutuma kwa watu wengi, wakitumaini mmoja wao anadaiwa kodi na atadhani ni mwenye nyumba wake. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoandika kwenye karatasi.

SHAMBA ULILOLIACHA

Hapa nitasema kidogo zaidi, kwa sababu watu hawalijui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema ardhi ya kimila isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Ipo taratibu ya kufuata, na taarifa hutolewa, lakini mtu aliye mbali anaweza asiione. Kwa hiyo shamba lisikae pori. Mpe ndugu au jirani alilime. Mwandike karatasi inayosema shamba ni la nani, anayelima ni nani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Nakala moja iwe kwa mtendaji wa kijiji. Kama mna hati ya hakimiliki ya kimila, iacheni kwa mtu mnayemwamini, msiipeleke kwenye chumba cha kupanga chenye kufuli ya shilingi elfu tatu.

Na nyumba ya ndoa haiuzwi na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wa ndoa aridhie. Mke ambaye mume ametangulia mjini, akisikia watu wanakuja kupima nyumba, aende kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

UKISHARUDI

Usitoe uamuzi siku ya kufika. Watu watajaa uani, watataka habari, na wewe utapenda kuwapa zile za kupendeza. Pumzika siku mbili. Kisha keti na mwenzako, fungueni daftari, msome ukurasa kwa ukurasa. Watoto wakubwa wasikilize pia. Huenda mkaona mjini ni kuzuri kwenu. Huenda mkaona aende mmoja kwa miezi ya kiangazi, kuanzia Julai mpaka Oktoba, arudi kulima mvua zikikaribia. Nyumba nyingi za kwetu huishi hivyo na haziiti kuhama. Au mtaona mji mwingine unafaa zaidi. Dodoma imekuwa jiji tangu mwaka 2018, ujenzi ni mwingi, na mtu wa Kongwa, Bahi au Manyoni anaweza kuitazama bila kulala safarini.

KAZI YA KIKUNDI

1. Shangazi alimwambia kijana, "Usiwaambie." Je, kijana anyamaze kabisa, au kuna jambo anaweza kulisema kijijini bila kumvunjia shangazi heshima? Zungumzeni.

2. Katika kijiji chenu, ni nani alilime shamba la mtu aliyehama? Andikeni pamoja karatasi ya makubaliano, mistari isiyozidi kumi.

3. Mwalike mtu mmoja aliyepata kukaa mjini na kurudi. Mwulizeni bei na siku, siyo hadithi.

4. Fanya hesabu ya familia ile tena. Baba amepata kazi siku 12 tu. Mama ameuza siku 20, kwa sababu mtoto aliugua siku 6. Wamepungukiwa na shilingi ngapi, na je, ile akiba ya kodi ya 50,000 bado ipo?